Gari lenye mataruma: jibu kwa seremala wa Tanga kuhusu magari ya Morgan

Swali: "Mimi ni fundi seremala hapa Tanga. Mteja wangu mmoja aliniletea picha ya gari dogo la Kiingereza, la wazi, lenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Aliniambia kwamba limetengenezwa kwa mbao na kwamba kiwanda chake kinafanya kazi hadi leo. Baba yangu anazikumbuka MG na Triumph za zamani, na anasema viwanda vyote vya namna hiyo vilikwisha kufa. Je, habari ya mbao ni kweli? Na kama kiwanda hicho kipo, kimewezaje kubaki wakati vikubwa vimeanguka?"

Ndugu fundi,

Gari uliloonyeshwa pichani ni Morgan, na mteja wako hakukudanganya aliposema kuwa kiwanda bado kinafanya kazi. Kipo Malvern Link, kitongoji cha mji wa Malvern katika jimbo la Worcestershire nchini Uingereza, penye majengo ya matofali mekundu yaliyopangana kwenye mteremko chini ya vilima. Katika habari ya mbao amekupa nusu ya ukweli, na kwa kuwa hiyo ni kazi ya mikono yako nitaieleza kwa kirefu mwishoni. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu majibu yanayotolewa mara nyingi, kwamba Waingereza hupenda mambo ya kale au kwamba matajiri hawajui pa kupeleka fedha zao, hayaelezi kitu. Kwa maoni yangu Morgan imeishi kwa kushika mambo mawili ambayo yangeweza kuiua wakati wowote: haikutengeneza injini yake yenyewe hata siku moja, bali ilinunua za wengine, na kila mwenye injini alipotaka kuimeza kampuni, familia ilikataa.

Mwanzilishi, Henry Frederick Stanley Morgan, hutajwa zaidi kwa herufi za majina yake, H.F.S. Alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo jirani la Herefordshire, akiwa mtoto wa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Alijifunza uhandisi katika karakana za reli ya Great Western huko Swindon, kisha akaacha kazi ya reli na kufungua gereji Malvern Link, ambako aliuza na kutengeneza magari ya wengine na kuendesha pia basi la abiria. Alikuwa amenunua injini ya Peugeot ya silinda mbili, yenye nguvu farasi 7, akikusudia kuifunga kwenye pikipiki. Mwaka 1909 alibadili nia. Gereji yake haikuwa na mashine za kuchongea vyuma, hivyo akasaidiwa na mwalimu wa uhandisi wa shule ya Malvern College, William Stephenson-Peach, wakaunda gari la kiti kimoja na magurudumu matatu.

Gari hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Injini ilikaa mbele kabisa, wazi, mahali panapopigwa na upepo. Nguvu yake ilipita kwenye shafti iliyofichwa ndani ya bomba kubwa la chuma, na bomba hilohilo ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa gari. Nyuma kulikuwa na minyororo miwili yenye spoketi za ukubwa tofauti, mmoja wa gia nzito na mwingine wa gia nyepesi, yote ikilizungusha gurudumu moja la nyuma. Dereva alichagua mnyororo upi ushike, na hapakuwa na giaboksi nyingine wala rivasi. Aliyetaka kurudi nyuma alishuka akasukuma, na kwa gari jepesi kiasi kile haikuwa taabu kubwa. Upande wa mbele, kila gurudumu lilipanda na kushuka peke yake juu ya nguzo ya wima, likibanwa na springi juu na springi nyingine fupi chini, na nguzo hiyohiyo ilikuwa mhimili wa kukatia kona. Wakati ule hata magari makubwa ya bei ghali yalikuwa na ekseli moja ngumu mbele, ambayo gurudumu la kushoto likiingia shimoni la kulia nalo huyumba. Mtindo huu wa nguzo uliboreshwa hapa na pale, lakini haukuachwa hadi mwaka 2020. Kifaa kimoja cha gari kudumu miaka 110 ni jambo ambalo sijaliona kwingineko.

Novemba 1910 H.F.S. alipeleka magari yake kwenye maonyesho ya pikipiki katika ukumbi wa Olympia, London. Watu waliyasifu, lakini oda zilikuwa chache, kwa sababu nani atanunua chombo ambacho mke au rafiki hawezi kupanda? Mwaka uliofuata akaleta la viti viwili, likawekwa katika dirisha la duka la Harrods kwa bei ya pauni 65, na tangu hapo oda zikamzidi uwezo. Baba yake kasisi alitia fedha zake katika kazi hiyo, na kampuni ilipoandikishwa mwaka 1912 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Katika mwaka huohuo H.F.S. mwenyewe aliendesha gari lake kwenye kiwanja cha mbio cha Brooklands, Uingereza, karibu maili 60, yaani kilomita 96 hivi, kwa saa moja. Mwaka 1913 W. G. McMinnies alishinda mbio za magari madogo huko Amiens, Ufaransa. Injini wakati huo zilitoka zaidi kwa J. A. Prestwich wa London, fundi wa injini za pikipiki, ambazo hadi leo wapenzi wa vyombo vya kale huziita JAP tu.

Mbio zilileta sifa, lakini wateja waliletwa zaidi na kodi. Kwa sheria za Uingereza chombo cha magurudumu matatu ambacho uzito wake hauzidi kilo 400 na ushei kilihesabiwa kuwa pikipiki, na kikalipiwa pauni 4 kwa mwaka, wakati gari la magurudumu manne, kuanzia mwaka 1921, lililipiwa pauni 1 kwa kila nguvu farasi ya hesabu ya serikali. Kwa karani au mwalimu wa shule, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama atatembea kwa chombo chake mwenyewe au ataendelea kupanda treni.

Wengi hapa kwetu wakiona picha ya Morgan ya magurudumu matatu huuliza kama hiyo si Bajaji tu. Siyo, na tofauti yake inafaa kujulikana na kila anayepanda Bajaji. Bajaji ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Dereva akikata kona huku akishika breki, uzito wote hukimbilia mbele na upande wa nje, kwenye pembe ambayo haina gurudumu la kuupokea, na hapo ndipo inapolala ubavu. Katika Morgan mawili yako mbele, na injini nzito iko katikati yake, hivyo uzito unapokimbilia mbele hukuta msingi mpana unaousubiri. Kwa sababu hiyo Morgan iliweza kwenda kasi ambayo Bajaji haithubutu. Mwaka 1930, kwenye kiwanja cha Montlhéry karibu na Paris, mwanamke Mwingereza aliyeitwa Gwenda Stewart, ambaye baadaye alijulikana kama Gwenda Hawkes, aliendesha Morgan zaidi ya maili 100 kwa saa moja nzima, yaani zaidi ya kilomita 160. Ubaya wa mpangilio huu ni kwamba gari huacha alama tatu njiani. Kwenye barabara yenye mashimo dereva wa gari la kawaida hulipitisha shimo katikati ya magurudumu yake, lakini dereva wa Morgan akifanya hivyo gurudumu la nyuma huliingia moja kwa moja. Na pancha ya gurudumu hilo la nyuma, lililozungukwa na minyororo, ilikuwa adhabu.

Mwaka 1922 kampuni ya Austin ilitoa Seven, gari dogo lakini gari kamili, lenye magurudumu manne, injini ya silinda nne na nafasi ya watoto nyuma. Mwaka 1924 dereva wa Morgan, E. B. Ware, aliumia vibaya katika mbio za Brooklands, na magari ya magurudumu matatu yakazuiwa kushindana na ya manne. Kisha mwaka 1935 serikali ikapunguza kodi ya magari kutoka pauni 1 hadi shilingi 15 za Kiingereza, yaani robo tatu ya pauni, kwa nguvu farasi, na faida iliyobaki ikazidi kupungua. H.F.S. alikuwa mtu wa hesabu, hakung'ang'ania. Mwishoni mwa mwaka huo alitangaza gari jipya aliloliita 4/4, maana yake magurudumu manne na silinda nne, likitumia injini ya Coventry Climax ya cc 1,122. Yale ya magurudumu matatu yaliendelea kutengenezwa pembeni hadi mwaka 1952.

Tangu hapa historia ya kampuni ni historia ya kutafuta injini. Injini za Climax zilipoelekea kukoma, H.F.S. alikubaliana na Sir John Black, mkuu wa kampuni ya Standard ya Coventry, ambaye alimtengenezea injini maalumu ya cc 1,267. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Standard iliamua kubaki na injini moja tu kubwa, ile ya gari lake la Vanguard, cc 2,088. Morgan haikuwa na la kuchagua. Iliichukua hiyo kubwa, ikaimarisha chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, na mwaka 1950 gari likaitwa Plus 4. Gari dogo na jepesi likajikuta na misuli ambayo hakuna aliyeipanga, na kwa kuwa chuma wakati ule kiligawiwa zaidi kwa viwanda vinavyouza nje ya nchi, sehemu kubwa ya magari hayo ilikwenda Marekani.

Sir John Black aliona kinachotokea. Alitaka kuwa na gari la kimichezo la kwake, na njia fupi aliyoiona ilikuwa kuinunua Morgan. Familia ilikataa. Angeweza kuwanyima injini wakafa siku hiyohiyo, lakini hakufanya hivyo. Aliunda gari lake mwenyewe chini ya jina la Triumph, ambalo lilitoka mwaka 1953 likiitwa TR2, na mwaka 1954 injini ya TR2 hiyohiyo ikaanza kufungwa kwenye Morgan. Kwa hiyo Triumph anazozikumbuka baba yako na Morgan zilikuwa na moyo mmoja, na aliyekataliwa posa ndiye aliyeendelea kuwalisha waliomkataa. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Malvern walivaa ya kuazima miaka mia, na sababu ninayoiona ni kwamba walinunua injini chache mno kuweza kumtisha mwenye kuziuza, huku wakimpa sifa kwenye mbio ambazo yeye hakuzigharimia.

H.F.S. alifariki mwaka 1959, na uongozi ukabaki kwa mwanawe Peter, ambaye alikuwa amejiunga na kazi mwaka 1947. Peter alikosea mara moja, na kosa lake linafundisha zaidi ya mafanikio. Mwaka 1963, akisikia watu wakisema magari yake yamezeeka, alitoa gari lililofunikwa kwa paa, lenye bodi laini ya faibaglasi, liitwalo Plus 4 Plus. Yalitengenezwa 26 tu. Waliotaka gari la kisasa walikwenda kwa watengenezaji wa kisasa, na waliotaka Morgan hawakuitambua.

Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo lililopaswa kumpa Peter moyo. Mwaka 1961 waandaaji wa mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, walikuwa wamelikataa gari la Morgan. Mwaka 1962 walilikubali, na Chris Lawrence na Richard Shepherd-Barron, wakiwa na Plus 4 yenye namba TOK 258, walishinda katika daraja la injini za lita 2, kwa wastani uliozidi kilomita 150 kwa saa mchana na usiku. Gari lilikuwa limefika Le Mans kwa kuendeshwa barabarani, na baada ya ushindi lilirudi Uingereza kwa njia hiyohiyo.

Shida iliyofuata ilitoka tena kwenye injini. Mwaka 1967 Triumph ilihamia kwenye injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, ambayo ilikuwa ndefu mno kwa boneti ya Morgan. Wakati huohuo kampuni ya Rover ilibisha hodi ikiwa na nia ileile ya kuinunua kampuni, na Peter akajibu kama alivyojibu baba yake, ila akauliza kama angeweza kupata injini. Rover ilikuwa imenunua kutoka General Motors ya Marekani haki za injini ya Buick ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, iliyotengenezwa kwa alumini, cc 3,528, ambayo kwa wepesi wake haikuzidi sana uzito wa ile ya zamani ya chuma cha kumimina. Mhandisi Maurice Owen aliipachika ndani ya chesisi iliyorefushwa kidogo, na mwaka 1968 ikatoka Plus 8, gari lenye sura ya miaka ya 1930 na mwendo wa kuyafedhehesha magari ya Kijerumani ya bei maradufu. Injini hiyo unaifahamu hata kama hujaiona Morgan, kwa kuwa ndiyo iliyofungwa kwenye Range Rover kuanzia mwaka 1970, na fundi yeyote wa zamani wa Land Rover katika nchi zetu atakueleza uzuri wa mlio wake na jinsi inavyokunywa petroli. Sheria za moshi za Marekani zilipobana, wakala mmoja wa San Francisco aliyageuza magari ya Plus 8 yatumie gesi ya propeni badala ya petroli ili yaruhusiwe kuingia. Madereva wa Dar es Salaam wanaofunga mitungi ya gesi leo hawakuanza wao.

Sasa tazama waliokuwa wakubwa. Mwaka 1968 huohuo viwanda vingi vya magari vya Uingereza viliunganishwa kuwa British Leyland, na ndani yake mlikuwa na Triumph, Rover, MG na Austin. MGB ilikoma mwaka 1980 kiwanda cha Abingdon kilipofungwa, na TR7, ya mwisho katika ukoo wa Triumph TR, ilikoma mwaka 1981. Magari hayo hayakufa kwa kukosa wanunuzi peke yake. Yalikuwa mali ya shirika kubwa lililokuwa likipoteza fedha, na wakubwa wake walipotafuta cha kukata, magari ya kimichezo yalikuwa rahisi kukatwa. Laiti familia ya Morgan ingemkubalia Sir John Black au Rover, jina lao lingekuwa kwenye orodha hiyohiyo, na baba yako angelitaja pamoja na MG.

Mwaka 1990 Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, alitembelea kiwanda pamoja na wapiga picha wa BBC. Aliona magari yakisukumwa kwa mikono kutoka jengo moja hadi jingine, mafundi wakipima na kukata kila bati kwa ajili ya gari moja tu, na wateja wakisubiri miaka kadhaa. Alishangaa, akashauri waongeze bei, wazidishe uzalishaji mara mbili na walete mashine mpya. Peter na mwanawe Charles walikataa, na baada ya kipindi kuonyeshwa oda ziliongezeka. Hadithi hii hupendwa kusimuliwa kana kwamba mzee wa ICI alikuwa mjinga. Mimi sikubaliani nayo. Katika miaka iliyofuata kiwanda kilipanga upya hatua za kazi, kikaleta kompyuta na kuongeza magari kwa wiki, mambo ambayo kwa sehemu ndiyo aliyoyasema. Alichokosea ni kudhani kwamba foleni ya wateja ni ugonjwa, wakati kwa kampuni isiyokopa foleni hiyo ilikuwa ghala: mwaka wa biashara mbaya ukija, oda za miaka iliyotangulia bado zipo.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 2000 ilitoka Aero 8, yenye chesisi ya alumini iliyogandishwa kwa gundi na injini ya BMW ya lita 4.4, na taa za mbele zilizofanya gari lionekane kama lina makengeza. Peter alifariki mwaka 2003. Plus 8 ya zamani ilikoma mwaka 2004, kwa sababu injini ya Rover nayo ilikuwa inakoma. Mwaka 2011 yalirudi ya magurudumu matatu, safari hii na injini kubwa ya silinda mbili kutoka kampuni ya S&S ya Marekani na giaboksi ya Mazda, yenye rivasi. Mwaka 2013 Charles aliondolewa katika uongozi baada ya mvutano ndani ya kampuni, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya hisa iliuzwa kwa Investindustrial, kampuni ya uwekezaji yenye asili ya Italia, familia ikabakiwa na sehemu ndogo. Kwa hiyo lile jambo la pili nililolitaja mwanzoni, la kukataa kununuliwa, lilifikia mwisho, ingawa aliyenunua hakuwa mtengenezaji wa magari mwenye jina lake la kulinda. Lile la kwanza linaendelea, maana magari ya magurudumu manne hutumia injini za BMW, na Super 3 ya mwaka 2022, yenye matatu, hutumia injini ya Ford ya silinda tatu.

Nimeacha mbao hadi mwisho kwa makusudi. Mtu akikuambia chesisi ya Morgan ni ya mbao, mkatalie. Chesisi ilikuwa ya chuma, na sasa ni ya alumini. Kilichotengenezwa kwa mbao ni kiunzi cha bodi, na wewe wa Tanga nitakueleza kwa jahazi. Chesisi ni mkuku wa chuma. Juu yake husimamishwa mataruma ya mbao, yaani nguzo za milango, mihimili ya chini ya milango, fremu ya nyuma na matao ya juu ya magurudumu ya nyuma. Kisha ubavuni, badala ya mbao za jahazi, hupigwa bati la chuma au alumini, likakunjwa kwenye kingo na kushikizwa kwa misumari midogo.

Mti wenyewe huitwa eshi, mti wa nchi za baridi ulio katika jamii moja na mzeituni. Huko Ulaya tangu zamani ndio uliotengenezewa mipini ya mashoka na nyundo, na sababu utaielewa mara moja: una nyuzi ndefu zilizonyooka, hupindika bila kukatika na humeza mtikisiko badala ya kuupeleka mkononi. Chesisi ya Morgan ya zamani ilijipinda waziwazi ikipita njia mbaya, na kiunzi kigumu cha chuma kilichochomelewa kingepasuka penye viungo, lakini cha eshi huenda na chesisi kisha kikarudi. Watu husema springi za gari hilo ni kavu kiasi kwamba ukikanyaga sarafu utajua kama imelala kichwa au namba. Ni utani, lakini mifupa ya mbao ilihitajika kweli. Hizo nguzo za mbele nazo zilitaka mafuta mara kwa mara, na katika magari mengi ya zamani palikuwa na kitufe sakafuni ambacho dereva alikikanyaga ili oili ya injini ichuruzike hadi kwenye nguzo.

Kazi ambayo ungependa kuiona ni ya matao ya magurudumu ya nyuma. Hayachongwi kutoka gogo moja. Vipande vitatu vyembamba vya eshi hupakwa gundi, huwekwa pamoja ndani ya kalibu nzito ya mbao yenye umbo la tao, na hubanwa kwa klampu hadi gundi ikauke. Vikitoka, nyuzi za mbao zinafuata mzunguko wa tao mwanzo hadi mwisho, bila mahali zinapokatwa na msumeno. Ukichonga tao hilo kutoka ubao ulionyooka, pale nyuzi zinapokwenda kinyume na mzunguko ndipo litakapopasuka, na hilo huhitaji kuambiwa na mimi. Baada ya hapo seremala hupanga milango kwa randa na patasi ikae kwenye fremu ya gari lile moja, na kwa sababu hiyo mlango wa Morgan moja haukai vizuri kwenye nyingine hata kama zimetoka wiki moja.

Kasoro ya eshi ni kuoza. Tofauti na mvule, hauna ulinzi wake wenyewe dhidi ya maji na wadudu, na magari mengi ya miaka ya nyuma yalijengwa kwa mbao zisizotiwa dawa. Kuanzia miaka ya 1980 kiwanda kilianza kuvitia viunzi dawa ya kuhifadhi mbao. Usije ukadhani basi kwamba mvule ungefaa zaidi: ungedumu bila kuoza, lakini haupindiki kwa utii ule. Maji huingia kwanza kwenye mhimili wa chini ya mlango, ambako matope yanayorushwa na tairi hutuama kati ya mbao na bati, halafu hupanda kwenye nguzo inayobeba bawaba. Bati la nje linaweza kung'aa kwa rangi mpya huku ndani mbao imekuwa unga. Mnunuzi anayeijua Morgan ya zamani hafungui boneti kwanza. Hufungua mlango nusu, hushika ukingo wake wa mwisho na kuuinua taratibu. Mlango ukipanda na nguzo ikabaki palepale, ni bawaba tu iliyochakaa, kazi ya nusu saa. Nguzo nayo ikicheza, mwite seremala, na bodi nzima itabidi inyanyuliwe kutoka kwenye chesisi kabla hajaanza kupima.